Kimo si Kipimo: Je, Kijana Mfupi Anaweza Kufika Katika Michezo ya Kulipwa?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wa mradi wa vijana na michezo, Kisesa, Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza

  

 Ratiba inasema nizungumzie "maendeleo ya mradi wa michezo". Taarifa ya fedha mnayo mikononi, na mweka hazina atajibu maswali yake baada ya chai. Mimi naomba nitumie muda wangu kwa swali moja ambalo limekuwa likinisumbua, na ambalo leo mtatakiwa kulipigia kura. Swali ni hili: je, kijana mwenye mwili mdogo anaweza kufika katika michezo ya kulipwa? Na kama anaweza, kwa nini fomu yetu wenyewe inamzuia?

Fomu niliyoiandika mimi

Ndugu wajumbe, wengi wenu mnaikumbuka fomu ya kuchagua vijana wa kambi ya mpira. Kipengele cha nne kinasema kijana wa miaka 14 awe na urefu usiopungua sentimita 160. Kipengele hicho hakikuletwa na wafadhili, wala hakikutoka serikalini. Nilikiandika mimi. Kocha mmoja aliniambia kwamba timu yenye watoto wadogo "inasukumwa kama majani", nami nikaona ni hekima kuwa na kigezo kinachopimika. Mkanda wa fundi cherehani haubishaniwi. Nilidhani nimeondoa upendeleo.

Mwaka wa kwanza wa fomu hiyo alikuja mama mmoja na mwanawe. Sitataja jina wala usharika. Kijana alikuwa na miaka 14, mwembamba, kimo chake kikiishia begani kwa wenzake. Watoto walimwita Zakayo, na nyote mnajua kwa nini. Kocha wa usharika wake alikuwa ameandika kwamba ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote kikosini. Tukampima. Hakufika. Nikamweleza mama kwa upole kwamba kanuni ni kanuni.

Mama yule hakugomba. Aliniuliza tu: "Mratibu, mwanangu atakua lini, kabla ya fomu au baada ya fomu?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili baadaye kijana huyo alikuja ofisini kuchukua barua ya utambulisho. Nilipoinuka kumpa mkono nililazimika kuangalia juu. Alikuwa amenipita kwa kichwa. Nikamuuliza kama bado anacheza. Akasema, "Hapana, mzee, mimi niliacha siku ile." Sijui kama angekuwa mchezaji mkubwa, na hakuna awezaye kujua sasa. Ninachojua ni kwamba uamuzi ule ulifanywa na mkanda wa fundi cherehani, na mkanda haukuwa umemwona akicheza hata dakika moja.

Kwa hiyo hotuba hii, pamoja na mambo mengine, ni ya kusahihisha kosa langu.

Walioonekana wadogo

Tuanze na nyumbani. Wazee waliopo hapa wanamkumbuka Juma Ikangaa, mwanariadha wetu wa marathon, ofisa wa Jeshi la Wananchi. Urefu wake ni kama sentimita 163. Angepita fomu yetu kwa sentimita tatu tu, tena akiwa mtu mzima! Mtu huyo mwaka 1982 kule Brisbane, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alimkimbiza Robert de Castella wa Australia mbele ya watu wa kwao, akashindwa kwa sekunde 12. Alishinda Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, akashinda Fukuoka mwaka huo huo wa 1986, akashinda Beijing mwaka 1987. Boston alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na rekodi hiyo ya njia ya New York ilidumu hadi mwaka 2001.

Upande wa akina mama, majirani zetu Wakenya wanaye Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi, mwanamke ambaye urefu wake ni mita moja na nusu na kidogo tu. Mwaka 1994 alishinda marathon ya New York, akarudi kushinda tena 1995. Mwaka 1998 aliweka rekodi ya dunia kule Rotterdam, saa 2:20:47, na mwaka 1999 akaiboresha Berlin kwa sekunde nne.

Mtu anaweza kusema: riadha ni jambo lingine, katika mbio ndefu udogo ni faida. Ni kweli, na inafaa tujue sababu yake. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila kilo ya uzito kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo unapoa upesi zaidi, na mguu una mzigo mwepesi wa kubeba kwa kilomita 42. Ngumi nazo zimetatua jambo hili kwa kugawa watu kwa uzito. Ndiyo maana Mkenya Fatuma Zarika aliweza kuwa bingwa wa dunia wa mkanda wa WBC mwaka 2016 katika uzito usiozidi kilo 55 na ushee. Hakuna aliyemtaka apigane na mtu wa kilo 90. Ngumi zinakiri wazi kwamba mwili una uzito wake katika ushindani, kisha zinapanga mashindano kwa haki. Nitalirudia jambo hili.

Lakini mpira je?

Hapa ndipo ubishi ulipo. Katika mpira wa miguu hakuna madaraja ya uzito. Mfupi anakutana na mrefu, na mpira wa kona hauulizi mtu amezaliwa mwezi gani.

Mwangalieni Dickson Job. Alikuwa katika kikosi cha Serengeti Boys kilichokwenda Gabon mwaka 2017 katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Akakua kupitia Mtibwa Sugar, na mwaka 2021 akajiunga na Yanga. Anacheza beki wa kati, nafasi ambayo kila kocha wa kijijini humpa mtoto mrefu kuliko wote. Job si mrefu kwa kipimo cha mabeki wa kati, na hilo limesemwa na kuandikwa tangu alipoanza. Hata hivyo mwaka 2023 alikuwa katika safu ya ulinzi ya Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu dhidi ya USM Alger. Mkimtazama mtaona anachofanya: anasoma mpira mapema, anasimama mahali sahihi kabla mshambuliaji hajafika, anaruka kwa wakati. Aliyewahi kufika hahitaji kusukumana.

Duniani mifano ni mingi. N'Golo Kanté wa Ufaransa, ambaye wazazi wake walitoka Mali, ana sentimita 168. Vituo vya vijana vilimpita bila kumtaka. Akacheza madaraja ya chini hadi umri ambao wenzake walikuwa tayari na majina. Mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester, mwaka 2017 bingwa tena na Chelsea, na mwaka 2018 bingwa wa dunia na Ufaransa. Lionel Messi alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji. Klabu ya Barcelona ilimchukua akiwa na miaka 13 na matibabu yake yakaendelea. Zingatieni hapo: Messi hakuachwa na udogo wake eti kipaji kitajitetea chenyewe. Alitibiwa. Nitalirudia na hilo pia.

Maneno ya mgeni kutoka Kanada

Mwaka jana mmoja wa wafadhili wetu kutoka Kanada alisimama nami pale uwanjani akitazama mchujo. Sisi watu wa Kisesa tuna deni la zamani na nchi hiyo, maana Padre David Clement aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora alitoka huko. Mgeni akaniambia kwamba kwao ubishi huu huu upo katika hoki ya barafuni, mchezo ambao wachezaji huvaa viatu vya chuma na kugongana kwa makusudi kwa mwendo wa kasi. Msicheke, hata Nairobi upo. Uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005, vijana wa Kenya wakaunda timu ya Ice Lions, na mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa huko.

Mgeni alinisimulia habari za Martin St. Louis, mwenye sentimita 173, ambazo katika mchezo ule ni ufupi hasa. Klabu zote za ligi kuu zilipochagua vijana, yeye hakuchaguliwa na hata moja. Klabu yake ya kwanza, Calgary, ilimwacha mwaka 2000. Akaenda Tampa Bay. Mwaka 2004 timu hiyo ikachukua Kombe la Stanley, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 2018 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Msimu wa 2004 na 2005 ligi ile ilisimama kwa mgogoro wa mishahara. Iliporudi, waamuzi waliagizwa kuadhibu kwa ukali mchezo wa kushika na kuvuta wenzao. Sheria nyingi zilikuwapo zamani, ila hazikuwa zikisimamiwa. Ziliposimamiwa, mchezaji mwepesi na mjanja alipata nafasi ya kupumua. Hakuna aliyeongezewa hata sentimita moja, ila filimbi ilianza kupigwa pale inapostahili.

Basi nikajiuliza: katika viwanja vyetu mwamuzi anapiga filimbi mara ngapi mtoto mkubwa anapomkanyaga mdogo? Mara ngapi tunasema "mpira ni wa wanaume, cheza"?

Urefu peke yake hautoshi

Ili tusipendelee upande mmoja, tutazame na warefu. Mtanzania mrefu kuliko wote waliowahi kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mwenye mita 2 na sentimita 21. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili nchi nzima, na klabu ya Memphis. Ni heshima kubwa ambayo hakuna Mtanzania mwingine ameifikia, na alifungua mlango. Alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, na muda wake katika ligi ile haukuwa mrefu. Katika uchaguzi ule ule, nafasi ya saba alichukuliwa kijana mwembamba wa sentimita 188, ambaye wengi walisema mwili wake hautahimili. Jina lake ni Stephen Curry. Yeye na klabu yake wamechukua ubingwa mara nne, na tangu mwaka 2021 hakuna aliyefunga mitupo ya mbali mingi kuliko yeye katika historia ya ligi hiyo.

Simsemi vibaya ndugu yetu Thabeet. Nasema kwamba wataalamu wenye fedha na vipimo vyote, wanaolipwa kwa kazi hiyo, walitazama kimo kwanza. Sisi wenye mkanda mmoja tunajiaminije?

Mdogo wa mwili au mdogo wa miezi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinifanya nione kosa langu waziwazi.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kanada, Roger Barnsley, na wenzake waliandika juu ya miezi ya kuzaliwa ya wachezaji wa hoki wa kiwango cha juu. Waliona kwamba waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa Oktoba hadi Desemba. Si nyota za mbinguni. Kule watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa kuanzia Januari mosi. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanawekwa kundi moja, ingawa wa kwanza amekula ugali miezi 11 zaidi. Katika umri wa miaka tisa au kumi, miezi 11 ni tofauti inayoonekana. Kocha anamwona mkubwa, anasema "huyu ana kipaji", anampa mazoezi zaidi na mechi zaidi. Baada ya miaka mitano anakuwa kweli na kipaji, kwa sababu amefundishwa. Mdogo alikwisha kurudishwa nyumbani.

Ongezeni hapo jambo la kubalehe. Wavulana kwa wastani hukua kwa kasi kubwa wakiwa na miaka kama 14, wasichana kama 12. Lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa miaka miwili au zaidi, nao wote ni wazima. Ndiyo hali ya yule kijana aliyekuja kunipita kwa kichwa. Nchi nyingine zimelitafutia dawa. Shirikisho la soka la Ubelgiji limekuwa na timu maalumu za vijana wanaochelewa kukua, ili wacheze kimataifa bila kupotea. Klabu kadhaa za Uingereza zimejaribu kupanga mechi kwa kiwango cha ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa.

Na kwetu kuna jambo la tatu ambalo hatupendi kulisema kanisani: vijeba. Tunajua sote kwamba katika mashindano yetu wapo "watoto wa miaka 14" wenye ndevu. Kipengele cha urefu kinawafaa hao kuliko mtu yeyote. Tuliweka kimo tukidhani tunatafuta nguvu, kumbe tulikuwa tunawafungulia mlango wadanganyifu wa umri. Taifa zima limejifunza somo hili kwa uchungu: mwaka 2005 timu yetu ya vijana iliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Na mwaka 2017 mambo yakageuka: Kongo Brazzaville iliondolewa kwa kushindwa kumleta mchezaji wake apimwe umri, na nafasi ile ya kwenda Gabon ikaja kwetu. Leo FIFA na CAF hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Sisi hatuna mashine hiyo, ila tunayo kadi ya kliniki.

Ufupi unaotokana na sahani

Ndugu wajumbe, na hasa ndugu wafadhili, hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu mifano niliyotoa inaweza kutudanganya.

Kuna mtoto mfupi kwa sababu baba yake na mama yake ni wafupi. Kuna mtoto mfupi kwa sababu bado hajafika zamu yake ya kukua. Na kuna mtoto mfupi kwa sababu hakula vizuri tangu tumboni mwa mama hadi alipofikisha miaka miwili, zile siku 1,000 ambazo wauguzi wetu wanazisema kila siku. Huyu wa tatu amedumaa. Ukiwapanga watatu hao uwanjani huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Takwimu za taifa zinasema mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 30. Tumeshuka, tumshukuru Mungu na tuwashukuru waliofanya kazi. Lakini 30 katika 100 maana yake ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Watoto wa mwaka 2010 ndio vijana wa kambi yetu katika miaka hii.

Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema, "Mratibu ametuambia ufupi si tatizo, Ikangaa alikuwa mfupi." Ufupi wa kuzaliwa si tatizo. Udumavu ni tatizo, kwa sababu haugusi miguu tu, unagusa akili, masomo na afya ya maisha yote. Na ni tatizo la aibu kwetu tunaokaa kando ya ziwa. Dagaa wanatoka mwaloni kwa magunia, mengine yanakwenda kuwa chakula cha kuku, na kilomita chache kutoka hapo mtoto anakula ugali wa udaga na mlenda siku nne mfululizo. Michembe na matobolwa vinashibisha, lakini vyenyewe tu havijengi mwili wa mtoto.

Ndiyo maana niliwaambia nitarudi kwa Messi. Yule mtoto alipewa nafasi na pia alipewa matibabu. Ukimpa mtoto jezi ukamnyima uji, umempiga picha tu.

Na kwa kuwa nimetaja picha, niseme na hili kwa heshima. Katika bajeti ya mwaka huu kuna pendekezo la kupunguza fungu la uji wa mazoezini na la kliniki ya akina mama ili tununue jezi mpya kwa kila usharika. Najua jezi zinapendeza katika taarifa. Siku zijazo mgeni akija, jezi ataziona na uji hatauona. Lakini naomba kamati ilikatae pendekezo hilo.

Tusiwadanganye vijana

Jambo jingine la ukweli. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Hata kila timu ikisajili wachezaji 30, hao ni watu 480, na baadhi yao ni wageni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kwa hesabu hiyo, vijana wengi mno wa kambi yetu, warefu kwa wafupi, hawatacheza mpira wa kulipwa. Jibu la swali la leo basi lina sehemu mbili. Mfupi anaweza kufika, na mifano ni ya watu halisi. Lakini njia yake ni nyembamba kuliko ya mrefu katika michezo mingi: itamlazimu awe na kasi zaidi, aone mapema zaidi, avumilie kukataliwa zaidi. Kipa mfupi atapata tabu kweli, na kocha mwema atamwambia mapema na kumtafutia nafasi nyingine uwanjani.

Kwa hiyo hatudai kila mtoto mdogo achaguliwe. Tunadai achujwe kwa kucheza.

Wasukuma tulikuwa na hekima hii kabla ya fomu. Katika ngoma za Bagika na Bagalu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna anayewapima wachezaji kimo kabla ya ngoma kuanza. Watu wanatazama, kisha miguu yao inaamua waende upande gani.

Ninayoomba kamati ipitishe

Kwanza, kipengele cha urefu kifutwe katika fomu kuanzia mchujo ujao. Mahali pake liwekwe sharti kwamba kila kijana aonekane akicheza angalau mechi mbili, na watazamaji wawe watatu, mmoja wao asitoke usharika wa kijana huyo.

Pili, umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Wazee wa usharika wasiandike barua ya umri kwa kubahatisha. Na kila kamati, mkifika nyumbani, chukueni daftari la vijana mliowachagua miaka mitatu iliyopita, mhesabu wamezaliwa miezi gani. Mkikuta wengi ni wa mwanzo wa mwaka, mtakuwa mmeona kwa macho yenu nilichokisema.

Tatu, kijana aliyeachwa akiwa na miaka 13 au 14 aitwe tena kwenye mchujo akiwa na 16. Jina lake libaki katika daftari, na kocha wa usharika aendelee kumfundisha.

Nne, watoto wa chini ya miaka 12 wacheze saba kwa saba katika uwanja mdogo na mpira mdogo, ambapo pasi ina thamani kuliko kusukuma. Waamuzi wetu wafundishwe kuwalinda, na filimbi ipigwe.

Tano, fungu la uji na kliniki libaki kama lilivyo. Kijana ambaye ni mdogo sana kwa umri wake apelekwe zahanati akaangaliwe, bila kutangazwa mbele ya wenzake. Wasichana wa netiboli wahesabiwe katika haya yote sawa na wavulana.

Sita, masomo yabaki sharti la kwanza kwa wote.

Ndugu wajumbe, nimekwisha kumwandikia yule mama barua. Sikumwahidi kitu, maana mwanawe sasa ni mtu mzima na ana shughuli zake. Nimemwambia tu kwamba swali lake limeletwa mbele ya kamati, na kwamba nitampelekea majibu ya kura. Mama Mwenyekiti, nakurudishia kikao ili kura ipigwe.